Mvuvi Asirudishwe Darasa la Kwanza

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, wavuvi wa Kasanga walikaa miezi mitatu bila kazi yao. Huku juu Mwimbi, katika wilaya hiyohiyo ya Kalambo, mavuno yakiisha vibarua hupungua mpaka mvua zirudi. Wote huambiwa: kajifunzeni ufundi. Ushauri ni mzuri, ila tunautoa kana kwamba hawajui kitu.

Mtu aliyezoea kufungua injini ya boti anazijua pistoni, plagi na kabureta. Ukimpa pampu ya maji au pikipiki, kinachompungukia ni kidogo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa watu kama huyu, uitwao urasimishaji ujuzi, nao ningependa kila mtendaji wa kijiji autangaze mkutanoni. Fundi aliyejifunzia kazini hujiandikisha, hupimwa kwa vitendo, hubainishwa anachokijua na anachokikosa, kisha hufundishwa pengo hilo tu na kutunukiwa cheti. Bila cheti, mwashi hodari anaweza kuishia kuwa saidia fundi mradi mkubwa unapofika kijijini kwake.

Hata asiyekuwa na ufundi bado ana pa kuanzia. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya watu wazima vya Sweden, na kuanzia 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikafunguliwa nchini. Leo viko 54, kimojawapo Chala, wilayani Nkasi. Katika mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa na shirika la Karibu Tanzania, mama vijana walioacha shule husoma vyuoni humo huku watoto wao wakilelewa palepale. Nalipenda sana jambo hili, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni mara nyingi hakushindwa masomo. Alikosa wa kumshikia mtoto.

Ujuzi usiotunzwa hupotea. Wafipa, wenyeji wa huku, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu yaitwayo malungu. Majembe ya dukani yalipoingia, kazi ile ikafa, na ujuzi mwingi ukaenda kaburini na wenyewe.

Ili ujuzi wa leo usipotee hivyo, mafunzo yawafuate watu, maana Chala ni mbali. Kutoka Mwimbi lazima upitie Sumbawanga. Basi tarehe za kufunga ziwa zikishatangazwa, wakufunzi washuke Kasanga na vifaa vyao tangu wiki ya kwanza, wawapime wavuvi pale ufukweni, na kozi iishe kabla nyavu hazijarudi majini.