Besi Ipewe Betri Yake

Ikiwa unakusudia kuwapelekea wazee wako sabufa huko Matwebe, wilayani Rungwe, tafadhali uyasome haya kabla hujalifunga kamba boksi lako. Sabufa ni zawadi njema, wala hatukusudii kuibeza. Lakini yawezekana kabisa ikaingia nyumbani kwa shangwe mkesha wa Krismasi, na kabla ya Januari kwisha, taa wanayosomea watoto ikawa haiwaki tena. Wazee watasema sola imeharibika. Kumbe sola haina kosa.

Sababu yake ni hii. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili mlio mwembamba wa filimbi usikike, spika ndogo yatosha kutikisika kidogo tu. Ngurumo ya ngoma kubwa, kinyume chake, yadai hewa nyingi isukumwe. Kila sauti inaposhuka ikabaki na nusu ya mitikisiko yake kwa sekunde, karatasi ya spika hulazimika kwenda umbali mara nne ili kuleta nguvu ileile hewani. Juu ya hayo, sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Huzisikia hafifu kuliko zilivyo. Basi besi hula umeme mara mbili: kwa ajili ya hewa, na kwa ajili ya sikio letu.

Amplifaya moja ikipewa kazi zote, hufanana na punda aliyebebeshwa mawe na mayai katika tandu moja. Ngoma ikipigwa, nguvu yote hukimbilia huko, na sauti ya mwimbaji hukwaruza wakati huohuo. Wanamuziki wa dansi walilijua jambo hili zamani: jukwaani gitaa la besi huwa na amplifaya yake na spika yake pana, mbali na zile za waimbaji. Mwaka 1974, ilipotolewa nchini Marekani sinema iitwayo Earthquake, ihusuyo tetemeko la ardhi, baadhi ya majumba yalifungwa spika kubwa za besi zenye amplifaya zake, ili watazamaji wausikie mtikisiko mwilini. (Watu wa Rungwe, wakaao katika Bonde la Ufa chini ya mlima wa volkano, pengine hawana haja ya kulipa kiingilio kwa jambo hilo.)

Sabufa halisi hufuata fikra hiyo. Huchuja sauti za chini, takriban zile zisizozidi mitikisiko 100 kwa sekunde, na kuzikuza kwa amplifaya iliyo ndani ya boksi lake. Bahati mbaya seti nyingi za bei nafuu huziendesha spika zote, kubwa na ndogo, kwa transfoma moja iliyomo humo humo. Ukiizima besi, umezima kila kitu. Na hapo ndipo tatizo la nyumba ya kijijini linapoanza.

Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na umeme wa gridi umefika vijiji vingi. Hata hivyo nguzo kufika kijijini si sawa na waya kuingia katika kila nyumba. Tuchukue mfano wa nyumba yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 50. Betri hiyo ina wati-saa 600, lakini ya namna hii haifai kutumiwa zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Tunabaki na 300. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa nne hula 60. Simu mbili na redio ndogo, tuseme 40. Jumla 100: nyumba yaweza kukaa usiku tatu bila jua. Sasa ongeza sabufa inayokula wati 40 kwa saa nne, pamoja na kinachopotea ndani ya inveta. Ni karibu 180 nyingine. Akiba ya usiku tatu imekwisha kwa usiku mmoja, na mawingu ya Rungwe hayana haraka ya kuondoka.

Dawa yake ni kutenga. Nunua sabufa yenye tundu la volti 12 nyuma yake, ili isihitaji inveta, kisha uipatie betri yake, na ukiweza paneli yake. Betri ya taa isiguswe. Redio ndogo ibaki upande wa taa, kwa maana taarifa ya habari na matangazo ya vifo hayahitaji besi hata kidogo. Maneno hueleweka kwa sauti za juu. Vijana wakitaka muziki siku ya sikukuu, wawashe sabufa mpaka betri yake ilegee, na bibi bado atakuwa na mwanga wa kumwonyesha njia ya jikoni.

Usiunganishe betri mpya na ya zamani ukidhani zitasaidiana. Mbovu huinyonya nzima. Betri ya gari pia si chaguo jema, kwani imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, siyo kutumika polepole usiku kucha. Fundi akufungie fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Dukani, usidanganywe na tarakimu kubwa zilizochapwa mbele ya boksi pamoja na herufi PMPO. Tafuta herufi RMS, kisha mwombe muuzaji akugeuzie mgongo wa sabufa usome wati inazokula. Asipotaka kuigeuza, duka la jirani liko wazi.