Je, Wajua? Bibi Aliyepotea Usiku si Mchawi, ni Mgonjwa

Je, wajua kwamba ugonjwa wa Alzheimer huanza ubongoni miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajaanza kusahau? Bibi anayeshindwa leo kuijua njia ya kutoka stendi ya Lamadi, mkoani Simiyu, hadi kwake, huenda ubongo wake ulianza kuugua angali akipalilia pamba na kuanika dagaa kama kawaida.

Je, wajua huugua vipi? Kwenye utando wa seli za neva kuna protini ndefu iitwayo APP. Vimeng'enya huikata, na kipande kimojawapo kinachotoka huitwa amiloidi-beta. Kipande chenye asidi amino 40 huondoshwa kwa urahisi zaidi. Chenye 42 hunata, hushikana na vingine, na kufanya mabaka nje ya seli. Ndani ya seli nako kuna protini nyingine, tau, ambayo kazi yake ni kushikilia vijinjia vinavyosafirisha mahitaji ya seli mithili ya reli. Tau ikiharibika huachia, hujisokota na kufanya mafundo. Mizigo haifiki, na seli hufa.

Je, wajua kwa nini mzee anaweza kusimulia Operesheni Vijiji ya 1974 mwanzo hadi mwisho, na bado asijue kama amekula mchana? Ugonjwa hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya. Za zamani zimekwisha kuhifadhiwa kwingine. Kwa hiyo anapouliza jambo lile lile mara ya tano, hakusumbui makusudi. Jibu la mara ya nne halikupata pa kukaa.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, mwaka 1906, ni daktari Mjerumani Alois Alzheimer. Mgonjwa wake, Auguste Deter, alipelekwa hospitali mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu.

Je, wajua kwamba ni familia chache mno zinazorithishana ugonjwa huu moja kwa moja? Kuna jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikipata hitilafu fulani humletea mtu Alzheimer mapema, mara nyingi kabla ya miaka 65, na kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Hao hawazidi takriban asilimia 1 ya wagonjwa wote. Jeni ya APP iko kwenye kromosomu ya 21, ile ile ambayo watu wenye sindromu ya Down wanazo tatu badala ya mbili. Ndiyo maana wengi wao hupata Alzheimer wakiwa bado watu wa makamo.

Jeni inayotajwa zaidi ni APOE, ya kromosomu ya 19. Ina aina kuu tatu: 2, 3 na 4. Kwa watu wa asili ya Ulaya, aliyerithi aina ya 4 kwa baba na kwa mama yuko hatarini mara nyingi zaidi kuliko asiyeirithi kabisa. Lakini watafiti walipowapima wazee wa Nyeri, Kenya, uhusiano huo haukuonekana, na kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, ulikuwa hafifu. Inaelekea sehemu za kromosomu zinazoizunguka jeni hiyo, zikiwa za asili ya Kiafrika, huipunguza makali. Hili ni jambo kubwa! Vipimo vya jeni vilivyotungwa kwa damu za Ulaya visitumike kuwatisha watu wa Simiyu.

Je, wajua kwamba hapa Tanzania wagonjwa wa aina hii wamewahi kuhesabiwa? Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, walichunguzwa watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na takriban 6 kati ya kila 100 wakakutwa na demensia, kundi la magonjwa ya kusahau ambamo Alzheimer ndiyo kubwa. Huko huko kikaandaliwa kipimo kiitwacho IDEA. Kwa kuwa wazee wengi hawakushika kalamu utotoni, hawaambiwi wachore: hupewa njiti za kiberiti wazipange kama walivyoonyeshwa.

Sasa tuseme la kwetu. Usukumani, kwa miongo mingi, vikongwe wameuawa na wakata mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, wakati wekundu ule ni wa moshi wa samadi kavu na kuni za miaka sitini jikoni. Hebu ongeza dalili za Alzheimer juu ya macho hayo: bibi anaamka saa nane usiku akidhani kumekucha, anatoka nusu uchi, anaongea na mama yake aliyekufa zamani, na alfajiri anakutwa uani kwa jirani asijue alifikaje. Kijijini watasema ameanguka na ungo. Ukweli ni kwamba saa ya ubongo inayotofautisha usiku na mchana imeharibika, na ramani ya njia imefutika. Huyo ni wa kufunikwa kanga na kurudishwa nyumbani taratibu.

Je, wajua kwamba si kila kuchanganyikiwa ni Alzheimer? Alzheimer huja polepole, kwa miaka. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi hawatambui wanawe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo: huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au sukari iliyopanda au kushuka. Hata kwa anayesahau kidogo kidogo, mwombeni daktari apime pia hitilafu ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende na VVU. Yote hayo huvuruga akili, na yote yana dawa.