Sera Moja, Matoleo Mengi: Usimamizi wa Ukuta wa Kinga katika Tarakilishi za Windows

Makala haya yananuia kufafanua jinsi msimamizi wa maabara ya tarakilishi anavyoweza kudhibiti kuta za kinga za mashine zote kutoka seva moja, hata pale mashine hizo zinapotumia matoleo tofauti ya Windows. Suala hili si la wanasayansi pekee. Tasnifu na miswada yetu huhifadhiwa katika mashine hizo, na mlango mmoja ulioachwa wazi unatosha kuiangamiza kazi ya miaka miwili.

Ukuta wa kinga, au fayawoli, ni programu inayochuja mawasiliano ya tarakilishi na mtandao. Kila huduma hupitia mlango wenye nambari yake. Ukuta huamua ni upi ufunguliwe na kwa nani. Umuhimu wake ulidhihirika Agosti 2003, programu haribifu ya Blaster ilipoenea kupitia mlango nambari 135. Windows XP ilikuwa na ukuta tangu 2001, ila haukuwa umewashwa. Microsoft iliuwasha kwa chaguo-msingi katika Service Pack 2 ya mwaka 2004.

Sera ya kikundi, kwa upande wake, ni utaratibu ulioanza na Windows 2000. Badala ya kuzungukia mashine moja moja, msimamizi huandika sera mara moja kwenye seva. Mashine zilizosajiliwa katika kikoa huisoma zinapowashwa, kisha huirejelea kila baada ya dakika 90 hadi 120.

Tatizo ni kwamba matoleo yote hayasomi sera kwa namna moja. XP ilitambua hali mbili tu, yaani ndani ya kikoa na nje yake, na ukuta wake ulichuja yanayoingia pekee. Kuanzia Vista, iliyouzwa kwa umma mwaka 2007, hali ni tatu: kikoa, binafsi na umma. Aidha, ukuta huweza kuchuja yanayoingia na yanayotoka. XP haiwezi kusoma mipangilio hii mipya. Ikumbukwe pia kwamba msimamizi anayepanga hali ya kikoa pekee hukiacha kipakatalishi bila sera yake pindi kinapotolewa nje ya chuo, ambako hatari ni kubwa zaidi.

Suluhisho ni kuandika sera mbalimbali na kuambatisha kwa kila moja kichujio cha WMI, ambacho huuliza nambari ya toleo kabla sera haijatekelezwa. XP hujitambulisha kwa 5.1, Vista 6.0, Windows 7 kwa 6.1, ilhali Windows 10 na 11 zote hutumia 10.0. Hapa pana mtego. Kichujio hulinganisha nambari hizi kama maneno ya kamusi, herufi kwa herufi. Kwa kuwa 1 hutangulia 6, 10.0 huhesabiwa kuwa ndogo kuliko 6.1. Kichujio kinachodai "6.1 au zaidi" huziacha nje mashine mpya kabisa, bila onyo lolote. Yafaa basi kila toleo litajwe waziwazi, sera ijaribiwe kwanza katika mashine moja, na matokeo yakaguliwe kwa amri ya gpresult.

Hatimaye, tusiutwike ukuta mzigo usio wake. Usaidizi wa kawaida wa XP ulikoma mwaka 2014, wa Windows 7 mwaka 2020, na wa Windows 10 Oktoba 2025. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika tarakilishi, hata baada ya ukuta kujengwa, nyufa za programu yenyewe hubaki zikisubiri kuzibwa, na toleo lililoachwa na mtengenezaji halina tena wa kuziziba.