Siku Moja Katika Rweya za Kamachumu

Wahenga walisema, "Mwenda bure si mkaa bure." Wengi wetu hudhani ya kwamba kutazama nchi ni kazi ya wageni wenye fedha, na ya kwamba mlima ustahilio kutazamwa ni Kilimanjaro peke yake, wenye theluji na kimo cha meta 5,895. Sivyo. Katika Mkoa wa Kagera, baina ya Bukoba na Muleba, iko milima isiyo na theluji wala sifa kubwa, nayo yaweza kumfundisha mtu kwa siku moja jambo lihusulo chakula cha nyumba yake.

Mwenye kutaka kuiona aondoke Bukoba alfajiri, aifuate barabara ya kusini. Atapita Kemondo, karibu na ziwa, na akifika Muhutwe ataiacha njia kuu ya Muleba, aanze kupanda kwenda Kamachumu. Afadhali sehemu ya mwisho aipande kwa miguu, maana aendaye polepole huona mengi. Achukue maji ya kunywa, na vazi la mvua asilisahau: kando ya ziwa hunyesha mvua ipatayo milimeta 2,000 kwa mwaka, na wingu huja bila kubisha hodi.

Akifika ukingoni, atazame kwanza mashariki. Chini yake lipo Ziwa Viktoria, ambalo uso wake ni meta 1,134 juu ya bahari. Kusini zaidi, mbele ya pwani ya Muleba, kimo kisiwa cha Bumbire, ambacho watu wake walipigwa risasi na Stanley na askari zake mwaka 1875. Kisha ageuke, atazame magharibi. Ataona mgongo wa kilima nyuma ya mgongo mwingine, yote ikielekea kaskazini na kusini, na katikati mabonde yenye matete. Juu ya migongo hiyo hapana nyumba wala migomba, ila nyasi, mawe na upepo. Nchi hiyo tupu ndiyo Wahaya waiitayo rweya.

Je, rweya ni pori lisilo na faida? Watu wengi hufikiri hivyo. Lakini tuangalie asili yake. Miamba ya huku ni ya mchanga ulioshikamana kuwa jiwe, na mvua nyingi huosha rutuba ya udongo wake na kuishusha chini sana. Tena mkono wa mtu umo. Huko Kemondo wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta tanuru za chuma za karne za kwanza baada ya Kristo. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuru tena kwa ufundi wa baba zao, wakayeyusha chuma; na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakazieneza habari hizo kwa jarida la Science. Chuma chataka makaa, na makaa yataka miti. Wachunguzi waona ya kwamba ufuaji huo pamoja na kilimo ulipunguza sana misitu ya kale, nyasi zikashika mahali pake.

Hata hivyo wazee hawakuiacha rweya ikae bure. Ng'ombe walilishwa huko mchana, na jioni wakarudi na samadi yao. Nyasi zilikatwa kwa kuezekea nyumba, kutandika sakafuni, na kufunika udongo wa kibanja. Wanawake walilima humo vipande vidogo vya njugu mawe, kisha wakaviacha vipumzike kwa miaka. Basi kile kibanja cheusi chenye migomba, kahawa na maharagwe hakikuwa zawadi ya udongo. Kilijengwa kizazi baada ya kizazi kwa vitu vilivyoteremshwa kutoka mlimani. Sotoka ilipoua ng'ombe wengi katika miaka ya 1890, migomba nayo ilikonda kwa kukosa samadi.

Hapo ndipo penye neno la kutuangalisha leo. Ng'ombe wamekuwa wachache vijijini. Rweya nyingi zimepandwa mikaratusi na misonobari, nayo ina faida ya mbao na kuni. Lakini mkaratusi ukipandwa juu ya chemchemi huyanywa maji yake, na mahali palipofungwa kwa miti ya mtu mmoja jirani hakati nyasi tena. Moto uwashwao ovyo wakati wa kiangazi nao huteketeza nyasi ambazo zingalifunika mashina ya migomba. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko umeingia katika migomba ya mkoa huu. Mwenye kibanja kilichokwisha kuchoka hupata shida maradufu kuanza upya.

Tena yafaa kila mwenye nyumba ajue sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una neno katika kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Basi asiyehudhuria mkutano asishangae akikuta rweya ya babu zake imekwisha kugawanywa.

Nanyi walimu, wapandisheni watoto mlimani walau siku moja kwa mwaka. Waulizeni: Maji ya kisima chetu yatoka wapi? Nyasi za kibanja chetu zilikatwa wapi? Wachukue konzi ya udongo wa rweya na konzi ya udongo wa kibanja, waziweke pamoja juu ya jani la mgomba. Mmoja ni mwekundu na mwepesi, wa pili mweusi na mzito. Mtoto aliyeziona konzi hizo mbili ataelewa ya kuwa weusi ule ni jasho la watu waliomtangulia, na hatakubali upesi kuupoteza.