Viungio na Uimara wa Majengo ya Moduli za Chuma

Jengo la moduli za chuma ni jengo ambalo vyumba vyake huundwa kiwandani vikiwa masanduku kamili, yenye nguzo za pembeni, boriti za sakafu na za dari, kuta, nyaya na hata vigae vya bafuni, kisha masanduku hayo husafirishwa kwa malori na kupangwa kwa kreni, moja juu ya jingine. Kila moduli peke yake ni imara, kwa kuwa imeundwa kuhimili mitikisiko ya barabarani na kuning'inizwa hewani; kwa hiyo anayetaka kujua jengo zima litasimamaje hana budi kuchunguza mahali moduli zinapokutana.

Viungio vya ndani ya moduli, vinavyoshikanisha boriti na nguzo, kwa kawaida huchomelewa kiwandani chini ya usimamizi wa karibu, na vile vya kwenye msingi havina mambo mengi mapya. Matata yako kwenye viungio vya kati ya moduli na moduli, ambavyo hufungwa kwa bolti kwenye eneo la ujenzi. Katika jengo la kawaida la chuma nguzo moja huweza kupanda ghorofa mbili au tatu bila kukatika, ilhali katika jengo la moduli nguzo hukatika kila ghorofa, na katikati ya jengo pembe za moduli nane, nne za chini na nne za juu, hukutana mahali pamoja. Nguzo zenyewe aghalabu ni mabomba ya mraba, ambayo mkono wa fundi hauwezi kuingia ndani yake kushika nati, na moduli ya nne ikishatua, kiungio huzingirwa pande zote. Ndiyo maana wabunifu hutoboa nguzo ili spana ipite, au hupitisha fito ndefu za chuma kutoka juu, au hutumia bolti zinazokazwa kwa upande mmoja tu. Lakini kila tundu hupunguza chuma mahali penye mkazo mkubwa, na upungufu huo hufidiwa kwa bamba nene zaidi.

Jambo la pili ni ukakamavu, yaani kiasi ambacho kiungio hukataa kuzunguka kinapopindishwa. Hesabu rahisi hukichukulia kiungio ama kuwa bawaba, inayozunguka bila kipingamizi, ama kuwa kigumu kabisa, na tofauti hiyo si ndogo: kwa kanuni ya Euler, nguzo ndefu na nyembamba iliyoshikwa barabara ncha zote mbili huhitaji mzigo mara 4 zaidi ili ijipinde ghafla, ikilinganishwa na nguzo ileile ambayo ncha zake ziko huru kuzunguka. Kiwango cha Ulaya EN 1993-1-8 hutambua daraja la kati, la viungio vyenye ukakamavu nusu, na viungio vingi vya moduli huangukia humo. Mhandisi anayekihesabu kiungio cha namna hiyo kuwa kigumu hupata kwenye karatasi jengo lisiloyumba, lakini upepo haufuati karatasi.

Kisha kuna nafasi ndogo ambayo wengi huipuuza. Bolti ya milimita 20 huingia kwenye tundu la milimita 22, ili fundi aweze kuipitisha hata moduli ikiwa haikutua sawasawa. Viungio vya ghorofa 10 vikiteleza milimita 2 kila kimoja upande uleule, kilele huhama milimita 20, na mzigo wa juu hauangukii tena katikati ya nguzo za chini. Tiba yake ni kukaza bolti ya daraja la 8.8 mpaka ibane mabamba kwa takriban kilonyutoni 137, sawa na uzito wa tani 14 hivi, ili msuguano uzuie mtelezo. Hata hivyo msuguano hutegemea uso wa bamba: kizigeu chake huweza kufika 0.5 kwa bamba lililopigwa chembechembe za kusafishia, na hushuka hadi 0.2 kwa bamba lisiloandaliwa. Kiwanda kinachopulizia rangi moduli nzima bila kuziba sehemu za kugusana huwa kimeudhoofisha muungano kabla lori halijaondoka.

Tetemeko la Northridge, California, la tarehe 17 Januari 1994 lilionyesha hatari nyingine, pale viungio vya kuchomelea vya fremu za kawaida za chuma vilipopasuka ghafla badala ya kunyumbuka. Tangu hapo wabunifu hupendelea boriti ianze kupinda, kiungio kikiwa bado kizima.

Majengo marefu ya moduli kwa kawaida hukwepa sehemu ya matatizo haya ya viungio. Jengo la 461 Dean Street mjini New York, lenye ghorofa 32, lilitegemea fremu za chuma zenye mihimili ya mshazari, na minara miwili ya 101 George Street huko Croydon, London, mmoja wa ghorofa 44 na mwenzake wa 38, ilijengwa kuzunguka kiini cha zege kinachopokea nguvu za upepo. Hata hapo kiungio hakipumziki, kwa sababu upepo unaoipiga moduli ya nje hupita katika viungio vya moduli za ndani kabla ya kufika kwenye kiini, na kile kilicho karibu zaidi na kiini hubeba jumla ya nguvu zote za moduli zilizo nyuma yake.