Je, Wajua? Vumbi la Chad hurutubisha msitu wa Amazon

Bonde la Bodélé, kaskazini mwa Chad, ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Upepo mkali hulinyanyua vumbi lake, lenye fosforasi, na kulivusha Atlantiki hadi Amerika Kusini. Satelaiti ya CALIPSO, iliyorushwa mwaka 2006, ililifuatilia vumbi la Sahara kwa mwanga wa leza, ikapima hata kimo chake angani, jambo ambalo picha ya kawaida haiwezi kuonyesha. Kwa vipimo vya 2007 hadi 2013, wanasayansi walikadiria kwamba tani milioni 27.7 huangukia bonde la Amazon kila mwaka, zikiwa na tani 22,000 hivi za fosforasi. Ajabu ilioje: kiasi hicho kinakaribiana na kile ambacho mvua na mafuriko hukiosha kutoka udongo wa msitu huo!