Picha inapoganda kwenye kompyuta, ukungu wa Lushoto husingiziwa

JIONI, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Magamba na kufunika mapaa ya mji wa Lushoto, picha ya televisheni kwenye kompyuta huonekana kana kwamba imeuchagua wakati huo huo kukatika. Mchezaji huganda mguu ukiwa hewani, uso wa mtangazaji hugawanyika vipande vya mraba, kisha kioo huwa cheusi. Mtazamaji huchungulia dirishani, huona weupe mtupu, na hukumu hutolewa papo hapo: ni ukungu.

Hukumu hiyo haina msingi, na gharama yake si ndogo. Anayeamini kwamba ukungu ndio mkosaji hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hukaa akisubiri kukuche, ama humwita fundi amfungie dishi kubwa zaidi. Mara nyingi kasoro yenyewe iko kwenye kiungio cha waya chenye bei ndogo kuliko nauli ya kwenda Mombo, au iko ndani ya kompyuta, mahali ambapo dishi halina la kufanya.

Mawimbi ya setilaiti yanayoleta televisheni Afrika Mashariki yana urefu wa takriban sentimita 2.5. Kitone cha ukungu ni kidogo mno, sehemu ya mia ya milimita au zaidi kidogo, na wimbi hukipita kana kwamba hakipo. Tone la mvua kubwa ni jambo jingine. Hilo lina milimita kadhaa, na matone hayo yanapojaa njiani hunyonya na kutawanya nguvu za wimbi. Ndiyo maana mvua nzito ya masika inaweza kukata picha ya dishi kwa dakika kadhaa, kisha picha ikarudi yenyewe bila mtu kugusa kitu. Mawimbi ya mitambo ya nchi kavu, yale yanayopokewa kwa antena ya kawaida, yana urefu wa karibu nusu mita, na hata mvua hayaijali sana.

Wapo wanaokumbuka enzi za chenga. Wakati wa mfumo wa analojia, mawimbi yalipodhoofika picha ilidhoofika nayo: chenga ziliongezeka, rangi zikapauka, lakini mpira bado ulionekana ukienda. Dar es Salaam ilizima mitambo hiyo usiku wa Desemba 31, 2012, na mikoa mingine, Tanga ikiwamo, ikafuata mwaka 2013. Katika mfumo wa dijitali hakuna kudhoofika polepole. King'amuzi au kompyuta husahihisha makosa ya mawimbi kimya kimya, na picha hubaki safi kabisa mpaka makosa yazidi uwezo wa kusahihisha; hapo huporomoka kwa mara moja. Kwa hiyo mtazamaji anaweza kuishi miezi mingi ukingoni mwa shimo bila kujua, kisha jambo dogo tu, kama unyevu au tawi la mti, likamsukuma.

Katika milima ya Usambara, kinachowasogeza wengi kwenye ukingo huo ni milima yenyewe. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, huku Mombo, umbali wa kilomita 33 kwa barabara, ikiwa chini tambarare. Mawimbi ya mitambo ya nchi kavu husafiri karibu kama mwanga. Hayapindi kona za barabara ya Soni. Nyumba iliyo nyuma ya mgongo wa mlima hupata mabaki, na nyumba iliyo hatua mia mbili juu yake hupata kila kitu. Kijiji kama Mtae, kilichokaa kwenye ukingo unaotazama nyanda za Mkomazi, kina upeo ambao mkazi wa bondeni hawezi kuununua kwa fedha yoyote.

Wa bondeni mara nyingi hushauriwa kununua kikuza mawimbi, au busta kama mafundi wanavyokiita. Ushauri huo unahitaji tahadhari. Busta hukuza kila kilichoingia, mawimbi pamoja na kelele zake, na kama mawimbi yamefika yakiwa dhaifu kuliko kelele, hakuna kinachoongezeka isipokuwa bili ya umeme. Kazi yake halisi ni kufidia nguvu zinazopotea kwenye waya mrefu, na kwa hiyo hufungwa karibu na antena, si karibu na kompyuta. Kuihamisha antena yenyewe meta chache, juu zaidi au upande wa pili wa paa, kunaweza kuleta nafuu ambayo busta haileti.

Dishi lina bahati zaidi milimani kwa kuwa hutazama juu. Setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv imekuwa ikiitumia, iko karibu utosini mwa Lushoto. Pembe yake kutoka usawa wa ardhi ni takriban nyuzi 84. Ile ya nyuzi 7 mashariki, ambayo Azam TV imekuwa ikiitumia, iko upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kwa pembe ya takriban nyuzi 53. Ni mara chache mlima hufikia kuiziba. Mti huweza. Mikaratusi hukua haraka, na dishi lililofungwa miaka michache iliyopita wakati miti ilipokuwa michanga linaweza leo kuwa linatazama majani. Dalili yake ni rahisi kuitambua: picha hukatika upepo unapovuma, na hukatika zaidi majani yakiwa yamelowa. Aidha, karibu na Machi 20 na Septemba 22 kila mwaka, jua hupita nyuma ya setilaiti na kuifunika kwa kelele zake kwa dakika chache za mchana, siku kadhaa mfululizo. Katika siku hizo fundi hana la kutengeneza.

Unyevu ndio unaostahili lawama ambazo ukungu hubebeshwa. Maji hayakati mawimbi hewani kwa kiasi hicho, bali huingia kwenye kiungio cha waya kilicho nje, hushuka taratibu ndani ya waya, na kuifanya shaba ishike kutu ya kijani. Katika mji wenye baridi na umande kama Lushoto, kiungio kisichofungwa vizuri hakipati nafasi ya kukauka. Njia ya kulizuia hilo ni kuuachia waya upinde kidogo kabla haujaingia ndani ya nyumba, ili maji yadondokee kwenye sehemu ya chini ya upinde, na kukifunga kiungio kwa utepe wa mpira. Waya ulioingia maji hautibiki. Hukatwa na kutupwa.

Hayo yote ni ya nje. Lakini anayetazama kwa kompyuta ana chombo ambacho mwenye televisheni ya kawaida mara nyingi hana, nacho kinaweza kumwambia kasoro iko upande gani kabla hajapanda juu ya paa. Kama anatumia kifaa cha USB kinachopokea matangazo moja kwa moja kutoka kwenye antena, na arekodi dakika kumi za kipindi kinachosumbua, kisha airudie rekodi hiyo. Kompyuta inaporekodi kwa njia hii huhifadhi tu kile kilichoingia, kazi ambayo ni nyepesi kwake. Picha ikivunjika tena mahali pale pale kila rekodi inaporudiwa, kasoro iliingia pamoja na mawimbi: antena, waya, kiungio au kifaa chenyewe. Rekodi ikionekana safi, au ikikwama mahali tofauti kila mara, mawimbi hayana kosa. Mkosaji ni kompyuta.

Sauti nayo hutoa ushahidi. Mawimbi yanapopungua, picha huvunjika vipande na sauti hukatika au kulia kama ndege kwa wakati mmoja, kwa sababu vyote viwili vimesafiri katika mkondo mmoja. Pale ambapo sauti inaendelea vizuri huku picha ikirukaruka au ikibaki nyuma, prosesa imezidiwa. Kufungua picha iliyofinywa, hasa ile ya ubora wa juu, ni kazi nzito kwa kompyuta ya zamani, na huwa nzito zaidi ikiwa programu ya kutazamia haijaruhusiwa kuitumia kadi ya picha. Katika VLC ruhusa hiyo iko kwenye mipangilio ya kufungua picha. Kompyuta mpakato inayotumia betri nayo hupunguza kasi yake makusudi ili kuhifadhi chaji, na programu zinazojisasisha zenyewe zina tabia ya kuanza kazi bila kuuliza. Mistari myembamba ya mlalo kwenye vitu vinavyokwenda kasi si mkatiko hata kidogo. Huondolewa kwa kubofya sehemu moja tu katika mipangilio ya programu hiyo hiyo.

Tundu la USB lisipuuzwe. Kifaa cha kupokea matangazo hula umeme kutoka humo, na tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu. Kikiunganishwa kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya, diski na modemu, kinaweza kufa ganzi katikati ya kipindi na kuzinduka kikichomolewa na kuchomekwa tena. Chaja duni za kompyuta na baadhi ya taa nazo hutoa kelele za redio. Kipimo chake ni kuchomoa chaja dakika tano na kutazama.

Kwa aliyeungwa kwenye huduma ya kebo, swali la kwanza ni kwa jirani. Waya wa mtaani hupita kwenye vikuza mawimbi vinavyotegemea umeme wa hapo vilipofungwa, na umeme ukikatika huko, nyumba zote zinazofuata hupoteza picha hata kama zenyewe zina taa. Jirani akiwa anaona vizuri, kasoro iko ndani ya uzio wa nyumba, na mara nyingi ni splita. Kila mara waya unapogawanywa njia mbili, kila upande hubaki na chini ya nusu ya nguvu. Ukigawanywa tena kwa ajili ya chumba cha watoto, hupungua chini ya robo. Jaribio la haki ni kuiunga kompyuta moja kwa moja kwenye waya unaoingia ndani, bila splita yoyote. Kioo kikiwa cheusi kabisa tangu mwanzo wakati king'amuzi kimeungwa kwenye kompyuta kwa waya wa HDMI, kuna uwezekano mkubwa kwamba hicho ni kinga ya hakimiliki iliyowekwa makusudi, wala si ubovu.

Njia ya intaneti ina kanuni zake. Hapo picha hazivunjiki vipande mara nyingi; hufifia, kisha husimama huku duara likizunguka. Kinachoangaliwa ni kama kifurushi hakijaisha, kama ruta iko karibu, na kama jioni ndiyo saa ambayo mnara wa simu una watumiaji wengi kuliko uwezo wake. Dalili ni kwamba alfajiri picha hiyo hiyo hupita bila tatizo. Zipo siku ambazo kosa liko mbali kabisa na milima. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo, kubadilisha ruta au kuongeza kifurushi ni kutupa fedha.

Programu ya kutazamia huweka akiba ya picha ili kuvumilia mitikisiko midogo ya mtandao, na akiba hiyo inaweza kuongezwa kutoka sekunde moja hadi tatu au zaidi. Picha hutulia, ila humfikia mtazamaji ikiwa imechelewa zaidi. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, jirani mwenye redio atashangilia bao wakati mpira kwenye kompyuta bado uko katikati ya uwanja. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko hutokea kwenye mitambo ya kurusha matangazo, na hakuna kinachobadilishwa nyumbani kitakachoiondoa. Akiba ikipunguzwa ili kumuwahi jirani, picha itaanza kuganda tena.